Mtu wa Kumi na Tano

Stockton, California
Jumanne, 14 Januari 1997

Kaka yangu Manong Efren,

Wazazi wako salama: Tatang mzima, Nanang mzima, goti la Tatang linalia kila mvua ikinyesha na mvua haijakatika tangu Krismasi. Salamu zimeisha. Sasa sikia.

Nimefanya jambo. Usikasirike mpaka ufike mwisho wa karatasi.

Jana chuo kimefunguliwa na nimeanza Mantiki, Jumatatu na Jumatano saa saba mchana, kile chumba cha juu chenye dirisha lisilofungika. Unakijua, si ulisoma humo humo? Profesa Halvorsen kaingia, mrefu kama nguzo ya simu, hata hajasalimia, kaanza kuhesabu vichwa kwa kidole. Tisa. Akageuka ubaoni akaandika: 15.

Akasema, "Chuo hiki hakifungui somo kwa watu pungufu ya hawa. Tarehe tatu Februari, kipindi kikiisha, napeleka majina ofisini. Tukiwa kumi na wanne, somo linafutwa na sisi wote tunakwenda nyumbani."

Jamaa mmoja akauliza, je, kama mtu wa kumi na tano kajiandikisha lakini siku hiyo yuko kazini? Halvorsen akamtazama kama daktari anavyotazama kidonda. "Mimi nafundisha mantiki, bwana. Aliyepo yupo. Asiyekuwepo hayupo. Sijawahi kuandika vingine."

Manong, unaelewa maana yake kwangu? Chuo kikuu kimenipa nafasi ya kusoma falsafa Septemba, ila kwa sharti nimalize kila kitu hapa kufikia Juni. Kila kitu nimemaliza isipokuwa Mantiki, na Mantiki haifundishwi tena mpaka Januari ijayo. Nikiikosa sasa, ni mwaka wa tatu. Na Tatang kwenye mwaka wa tatu unamjua. Jana tu, pinakbet, mchuzi wetu wa mboga, iko mdomoni, kanyoosha kijiko: "Efren alimaliza kwa miwili. Miwili inatosha. Ukizidisha, unaenda kwa Perla." Manang Perla naye, dada wa mtaani asiye na aibu, keshaniwekea aproni kule kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Rangi ya waridi, Manong. Ina jina langu.

Kwa hiyo nimeingia mtaani kusaka watu. Nimempata Boyet fundi matairi (nimemwambia mantiki inasaidia kubishana na wateja). Nimempata Perla mwenyewe, anapumzika mchana. Kaka wawili wa dukani kwa Wahmong, wahamiaji wenzetu, na shemasi wa parokia, jumla watano. Tisa na tano, kumi na nne.

Wa kumi na tano nimekuandika wewe.

Nimejaza fomu, nimeweka sahihi yako, ile yenye mkia kama wa nge, naiweza tangu nikiwa darasa la sita. Wewe una cheti tayari, hawatakusumbua na mitihani ya kuingia. Najua uko huko Alaska kwenye kiwanda cha samaki mpaka Aprili. Lakini nimefikiri labda Halvorsen atalegea akiona jina la mwanafunzi wake wa zamani aliyefanikiwa. Basi. Ndiyo jambo lenyewe.

Usikasirike. Ni jina tu kwenye karatasi.

Ading wako,
Rowena


Kisiwani, Alaska
Jumatatu, 20 Januari 1997

Ading,

Barua yako imeingia leo na ndege ya samaki, na inaondoka hii na ndege hiyo hiyo, kwa hiyo nina dakika kumi.

Futa jina langu. Leo hii, ukimaliza kusoma. Nenda ofisini useme ulikosea. Usimwambie Halvorsen chochote juu yangu, usimuulize chochote, na barua yoyote yenye jina langu ikija nyumbani kutoka chuoni, iweke, usiifungue.

Sababu nitakueleza uso kwa uso. Mtafute mtu mwingine, Stockton nzima hiyo hukosi mtu mmoja?

Kazi nzuri. Vijana wangu kumi na wawili nimewapanga vizuri, hawanisumbui. Mwambie Tatang unyapara una baridi yake lakini unaheshimika.

Manong Efren


Stockton
Jumatano, 22 Januari 1997

Efren,

Manong sikuiti leo.

Barua ya chuo imekuja jana. Kwa jina lako. Nimeifungua kabla yako ya kunikataza haijafika, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naisubiri, nilidhani inasema umekubaliwa. Nakuandikia walichosema, usije ukasema sikuelewa Kiingereza: "Bwana E. Tabios hakumaliza masomo yake. Somo la Mantiki, Juni 1995, limehesabiwa ameanguka baada ya kushindwa kuwasilisha kazi ya mwisho. Hana cheti. Akitaka kurudi, afike mwenyewe na kitambulisho."

Nimesoma mara tatu. Halafu nimekwenda sebuleni. Nanang alikuwa anamenya vitunguu jikoni, redio inaimba. Nimefungua kabati la kioo, nimelishusha lile jalada la bluu lenye nembo ya chuo, pale pembeni ya sanamu ya Mtoto Yesu, Santo Niño, ambalo Nanang kalifunika plastiki na halifungui asije akalichafua. Nimelifungua mimi. Unajua kilichomo. Kikaratasi: "Hongera! Cheti chako kitatumwa kwa posta."

Efren, ulivaa joho! Nilikupiga picha mimi! Ulipanda jukwaani, ukashikana mkono na yule mzee wa kofia, Tatang alisimama juu ya kiti akapiga mluzi mpaka walinzi wakaja!

Sasa niambie. Miaka miwili yote hii kila nikishika kitabu naambiwa Efren, Efren, Efren alimaliza kwa miwili. Napimwa kwa kipimo ambacho hakipo. Nikichelewa kidogo mimi ndiye mvivu. Umewahi kukaa hapo ukawaza hilo? Hata siku moja?

Leo Halvorsen kaniita mbele baada ya kipindi. Kaweka ile fomu mezani.

"Hii sahihi ni ya kaka yako?"

Nikaanza: "Profesa, mimi nilikuwa nataka tu..."

"Sikuuliza ulichotaka."

"Ni yangu."

"Omba msamaha kwa sentensi moja. Isiwe na 'lakini' ndani."

Efren, nilihangaika! Jaribu uone. Nilianza mara nne, kila mara 'lakini' inachomoza kama panya. Mwisho nikasema, "Nimeandika uongo, naomba radhi." Akachana fomu vipande viwili akanipa vyote. Akasema, "Mko kumi na wanne." Nikamuuliza juu yako. Akafuta ubao wote, akasema, "Alikuwa na kichwa kizuri. Zilibaki kurasa nne." Basi.

Kurasa nne?

Stockton nzima nimeizunguka. Binamu zetu wako kwenye kiwanda cha nyanya. Rafiki zangu wana vipindi saa hiyo hiyo. Mama mmoja wa parokia kaniambia falsafa inafanya watu waache kusali. Zimebaki siku kumi na mbili.

Kwa hiyo njoo. Tarehe tatu, saa saba mchana, na kitambulisho, kama walivyosema. Ukae kwenye kiti. Hilo tu nakudai. Wazazi sijawaambia, jalada nimelirudisha, plastiki nimeifunga. Kuwaambia ni kazi yako.

Rowena


Kisiwani
Jumatatu, 27 Januari 1997

Ading,

Kama bado unakubali kuwa mdogo wangu nikuite hivyo.

Ndiyo, kurasa nne. Alitaka tuchukue jambo tunaloliamini tangu utotoni, tulipange kama hoja, tuonyeshe linasimama au linaanguka. Wenzangu waliandika mambo ya Mungu, serikali, mmoja aliandika juu ya timu yake ya besiboli. Mimi nikaandika juu ukurasa wa kwanza: "Baba yangu aliinama shambani miaka thelathini ili mimi nisiiname. Kwa hiyo lazima nifaulu." Nikakaa nayo. Wiki moja. Mbili. Nilikuwa naamka saa tisa alfajiri kupanga mboga za asparagasi kwenye makasha, nafika darasani nasinzia, narudi naitazama sentensi ile. Lile 'kwa hiyo' lilinishinda, Ading. Sikuliona linatoka wapi. Na kuandika kwamba haliko, kwa mkono wangu, juu ya Tatang, nilishindwa zaidi. Halvorsen akaniongezea muda. Kisha akaniongezea tena. Mara ya tatu nikawa nampita koridoni nimeinamisha uso.

Joho Nanang alishanunua. Ofisini ukijiandikisha kupanda jukwaani hawaangalii kama umemaliza, wanakuita tu jina. Nikasema nitamaliza majira ya joto kimya kimya, hakuna atakayejua. Na nguruwe wa sherehe alishachinjwa. Ningewaambia nini, mrudishieni roho?

Na mengine uyajue yote leo. Mimi si nyapara. Niko kwenye mstari wa utumbo. Samaki wanapita mbele yangu wamepasuliwa, nakwangua ndani kwa kijiko chenye bomba, saa kumi na sita kwa siku. Sina vijana kumi na wawili. Nina kijiko.

Nakuja. Nimemwambia nyapara (wa kweli) kwamba naacha. Kanicheka: "Tabios, unaacha kazi uende shule kukaa kwenye kiti?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo kazi yenyewe. Ndege ya abiria ni Alhamisi, kama ukungu utaruhusu. Alhamisi hapa, Ijumaa Anchorage, Jumapili niko nyumbani. Jumatatu saa saba niko kwenye kiti.

Ila Tatang. Nikimfikiria Tatang miguu inakufa ganzi kuliko kwenye barafu.

Efren


Kisiwani
Alhamisi, 30 Januari 1997

Mpendwa Tatang,

Nakuandikia nimekaa juu ya kreti kwenye banda la uwanja wa ndege. Barua hii anaileta mtu anaitwa Chema, ataiweka posta Anchorage. Mkono wake wa kushoto uliingia kwenye mashine ya kukata vichwa leo asubuhi. Anaishika kwa ule wa kulia.

Ndege imekuja na nafasi moja. Nafasi ilikuwa yangu. Sasa ni ya Chema. Usiseme nina moyo mzuri, Tatang, hakuna aliyeniuliza na mimi sikubisha, hata ungekuwa wewe usingebisha. Nyingine haiji mpaka ukungu uondoke, na huku ukungu haupangi tarehe na mtu.

Nilikuwa nije nikuambie kwa mdomo. Sasa nakuambia hivi.

Sikumaliza chuo. Somo moja liliniangusha, la Profesa Halvorsen, kwa sababu sikupeleka kazi yake. Siku ya sherehe nilijua. Ulipopiga mluzi nilijua. Jalada la kabatini halina cheti na halijawahi kuwa nacho. Huku pia sisimamii mtu, nasafisha samaki.

Rowena hakuwa anajua. Kajua wiki iliyopita na hakukuambia kwa sababu alinipa nafasi nikuambie mimi. Sasa yeye ndiye anayeumia. Unampima kwa kamba ambayo mimi niliikata nikakuambia ndio urefu wake. Miaka yangu miwili haikuwepo, Tatang, usimhesabie hiyo. Jumatatu saa saba darasa lake litafutwa kwa kukosa mtu mmoja, na yule mtu nilikuwa niwe mimi, na mimi niko hapa natazama ukungu huu mweupe kama maziwa dirishani na sioni hata ncha ya bawa.

Sikuombi unisamehe. Naomba usimpeleke kwa Manang Perla.

Mwanao,
Efren


Stockton
Jumatatu, 3 Februari 1997, jioni

Manong,

Sijui uko wapi. Naandika kwa anwani ya kiwandani, na kwa haraka, kwa hiyo soma polepole.

Saa saba kasoro tano tulikuwa kumi na wanne. Perla kaja mbio na sare ya kazini, ana povu la sabuni kwenye kiwiko. Boyet kafunga duka. Mimi nimekaa karibu na mlango, kila kiatu kikipita koridoni nageuka. Nilikuwa nasikiliza kiatu chako.

Halvorsen akaanza kufundisha kama kawaida, karatasi ya majina iko mezani, kaiweka jiwe juu kwa sababu ya lile dirisha. Saa saba na nusu. Saa nane kasoro kumi. Perla ananinong'oneza, "Huyo kaka yako anatoka Alaska kwa miguu?" Nikamwambia nyamaza Manang nitalia.

Mlango ukafunguliwa. Tatang.

Na buti za shambani, Manong. Na kofia. Na matope mpaka magotini, na barua mkononi. Nikajua amekuja kunitoa. Nilianza kukusanya vitabu, haki ya Mungu, nilikuwa nimeshafunga begi.

Hakunitazama. Kamwendea Halvorsen.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye mimi."

"Mwanangu Efren alisoma hapa?"

"Alisoma. Hakumaliza."

"Wewe ulijua. Ofisi ilijua. Samaki wa Alaska wanajua. Mimi peke yangu sikujua." Akakunja barua, akaitia mfukoni. "Nataka kuuliza. Nilimwona mwanangu amevaa joho. Wanaomaliza wanavaa joho. Nikasema basi kamaliza. Mimi si mjinga. Nilikosea wapi?"

Manong, Halvorsen hakucheka. Hakumpa pole. Kachukua chaki, kaandika yote matatu ubaoni, moja chini ya jingine, na jina lako ndani:

Wote wanaomaliza huvaa joho.
Efren alivaa joho.
Kwa hiyo Efren alimaliza.

Akatugeukia. "Bwana Tabios kauliza swali. Mjibuni."

Hakuna aliyetaka kumjibu Tatang. Mimi ndiyo kabisa, nilikuwa natazama sakafu. Mwisho Boyet, Boyet wa matairi, kakohoa: "Mang Sixto, mzee wangu, samahani. Kila tairi lililotoboka halina upepo, sawa? Lakini nikikuta tairi halina upepo siwezi kuapa kwamba limetoboka. Labda mtu kafungua tu. Wanaomaliza wanavaa joho, ndiyo. Hakuna aliyesema kila anayevaa kamaliza."

Tatang katazama ubao. Maji yanadondoka kutoka kwenye kofia yake.

"Na hili linafundishwa hapa?" akasema.

"Wiki ya tatu," Halvorsen akajibu.

"Ningekuwa hapa wiki ya tatu, ningejua siku ile ile ya sherehe. Kabla ya nguruwe."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia.

Ndipo akaninyooshea kidole. "Na huyu? Anakuja?"

"Kila siku. Anaongea kupita kiasi, lakini anakuja."

"Nani anasema?"

"Mimi nasema."

"Watu wamenisemea sana." Akavuta kiti. Mbele kabisa, mstari wa kwanza. "Sasa nitaona mwenyewe. Nyumbani kwangu hakuna tena wa kuniletea habari za shule. Andika: Sixto Tabios."

"Ukiandikwa lazima uhudhurie," Halvorsen akamwambia. "Na lazima uandike kazi."

"Nimekata asparagasi miaka thelathini sikukosa siku. Wewe ndiye uangalie usikose."

Perla kutoka nyuma: "Manong Sixto, vua kofia basi, uko shuleni!" Akavua.

Saa nane na nusu Halvorsen kaondoa jiwe. Kumi na tano. Kajaza mbele yetu, kwa wino. Somo lipo, Manong! Juni namaliza, Septemba naenda. Nilitaka kupiga kelele, nikamkumbatie Tatang pale pale. Lakini nilipomfikia akaniambia kwa sauti ya chini, ile mbaya, "Wewe uliandika jina la mtu asiyekuwepo. Tutaongea."

Hatujaongea. Tulirudi naye ndani ya gari, maili sita, wipa inalia tu. Nyumbani kaenda moja kwa moja kwenye kabati. Nanang akamuuliza unatafuta nini. Akasema, "Kaa chini." Mlango ukafungwa. Mpaka sasa umefungwa, na Nanang simsikii, hata kulia simsikii.

Somo limepona na nyumba sijui. Uko wapi, Manong?

Ading wako,
Rowena


Stockton
Jumatano, 5 Februari 1997

Efren,

Nimepata barua yako Jumamosi. Sikumwonyesha mtu. Jumapili nilikwenda kanisani nayo nikarudi nayo. Jumatatu nilikwenda chuoni. Dada yako atakuwa amekueleza kwa maneno mengi.

Mama yako anajua. Chakula hali vizuri. Jalada amelitoa kabatini mwenyewe. Usiniulize ameliweka wapi.

Leo nimehudhuria mara ya pili. Mwalimu ametupa kazi. Nimemwambia Kiingereza changu cha kuandika ni kibovu. Amesema niandike kwa Kiilokano, lugha yetu ya nyumbani, Rowena atasoma kwa sauti mbele ya watu. Ni adhabu yake na yangu. Nimeona ni haki.

Umeandika kwamba huniombi msamaha. Vizuri, kwa sababu sina wa kukupa. Nilikaa usiku mbili nikitafuta uongo wako ulianzia wapi. Nilifikiri ni siku ya sherehe. Sasa naona ni mapema. Nilikuwa nakuambia kila siku nimeinama kwa ajili yako. Si kweli. Kabla hujazaliwa nilikuwa nimeinama tayari, kwa ajili ya kula. Nilikuwekea mgongoni kitu ambacho hakikuwa chako, na wewe badala ya kuniambia ni kizito ulinidanganya. Yangu nimeyakubali. Yako bado ni yako.

Mwalimu anasema wa kumi na sita anaweza kuongezwa mpaka Ijumaa tarehe kumi na nne, akija mwenyewe. Kushoto kwangu kuna kiti. Boyet alitaka kukikalia leo nikamwambia kina mtu. Mwalimu alinisikia, akaniuliza mbele ya darasa, "Bwana Tabios, kina mtu au hakina?" Nikalazimika kusema ukweli.

Hakina.

Ukungu ukiondoka, njoo. Usilete samaki.

Sixto Tabios